Mvua ya Kwanza ni ya Mashauri

Gwata, Kibaha
13 Januari 2025

Mjomba Mwinyimadi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepunguza kulalamika. Sisi hatujambo; watoto wanakula kuliko wanavyosoma. Nimempa Firdausi, yule mchuuzi wa mananasi, akuletee huko Maneromango, maana najua simu hupokei.

Mjomba, nina jambo. Unawakumbuka wale maksai wawili niliowachukua kwa mzee Mashauri, jirani yangu Msukuma, baada ya kufiwa na mume wangu? Tulikubaliana nimlipe kidogo kidogo mpaka mwezi wa sita mwaka huu. Sharti lake ni moja: hadi deni liishe, mvua ya kwanza ya masika maksai wanarudi kwake, wanalima shamba lake kwanza. Mwaka jana waliporudi kwangu mvua ilishapita, na mahindi yangu yakawa kimo cha mchicha. Yakiharibika tena mwaka huu, sijui watoto watakula nini.

Limebaki laki nne. Mbili ninazo, nimeuza kuku wote. Naomba unikopeshe mbili nyingine nimalize kabla ya masika.

Mpwa wako,
Kidawa

Maneromango, Kisarawe
22 Januari 2025

Mwanangu Kidawa,

Marahaba, marahaba sana. Goti lipo, linalalamika kama mjumbe aliyenyimwa posho. Mkaza mjomba wako anawasalimu wote.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Mvua ya kwanza! Watu wamemiliki ardhi, wamemiliki visima, sasa huyu kamiliki wingu? Wakoloni wote waliopita nchi hii nimesoma habari zao. Hakuna aliyeandikisha mvua. Wakopeshaji wana ugonjwa mmoja: hawakutaki uzame, hawakutaki utoke, wanakutaka majini unatapatapa.

Na wewe unaniomba nikukopeshe? Umehamia Kibaha ukasahau ujomba ni nini? Mjomba hakopeshi. Mtoto wa dada yangu akidaiwa, nimedaiwa mimi. Nimeuza korosho. Laki mbili hizo, Firdausi kazifunika kwa mananasi. Usizihesabu mbele yake, ataona hatumwamini. Na kweli hatumwamini.

Mjomba wako,
Mwinyimadi

Gwata
11 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo, na asante isiyo na mwisho. Pesa zilifika kamili, zikinukia mananasi.

Lakini mzee Mashauri amezikataa. Nilikwenda kwa adabu zote. Nilipiga goti, nikamwamkia, nikaketi chini. Nikasema, "Mzee wangu, nimekuja kukamilisha." Akazitazama, akazisukuma kwangu. "Mkataba unasema mwezi wa sita," akasema. "Mimi na wewe, mama, tunafuata mkataba." Nikamshukuru nikaondoka. Sikumjibu vibaya hata neno moja. Ungejivunia malezi yako.

Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Soga. Pesa zote, laki nne, nimempa Firdausi akurudishie uzitunze, maana zikikaa hapa zitageuka unga na sukari.

Tafadhali, mjomba, usije. Nakujua. Kwenye mkutano wa korosho walikutoa wanaume wawili, na ulikuwa hujafika nusu ya hotuba. Ukimkasirisha atawachukua maksai moja kwa moja.

Mpwa wako,
Kidawa

Maneromango
20 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Wazima wote. Nimekuelewa. Kwako siji.

Mjomba

Gwata
1 Machi 2025

Mjomba!

Shikamoo, na afya yako nitaiulizia baadaye. Umekuja! Jana nimetoka Soga kutafuta mbegu, nakuta maksai, ambao Mashauri alishawachukua kungojea mvua, wamefungwa uani kwangu, na Holo, mke wa Mashauri, anapiga kelele kutoka ng'ambo ya boma: "Mjomba wako kapita hapa na jogoo wetu kwapani!" Halafu anacheka mpaka anashika mti.

Umefanya nini? Jogoo wa watu, mjomba? Nimeogopa hata kuwagusa hao maksai. Firdausi nimemwambia asirudi bila jibu.

Kidawa

Maneromango
6 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba, na Ramadhani njema. Keti, halafu usome.

Nilikwenda na hotuba ya kurasa nne. Nilianza na haki ya mkulima, nikapita kwenye unyonyaji, nikafika kwenye mvua. Mashauri alisikiliza ameegemea fimbo yake. Nilipomwita bepari wa mawingu, akaangua kicheko.

"We mzee, ni Mzaramo wewe?"

"Wa Maneromango, kwa baba na kwa mama."

"Aa! Nilidhani mmekwisha, imebaki ngoma yenu tu! Keti, mvivu wewe, unywe maziwa. Mihogo hatuna."

Hasira yote ikaniyeyuka. Mtu huyu hakuwa ananitukana, alikuwa ananitania. Sisi na Wasukuma ni watani tangu babu zao wanapita huku na misafara, mizigo kichwani. Mtani haudhiki na tusi, huudhika akilikosa. Nikamwambia, "Nitakaa wapi, viti vyote vimekaliwa na ndama? Ninyi mkifiwa na ng'ombe mnavaa nyeusi, mkifiwa na mkwe mnauliza ameacha ng'ombe wangapi?" Holo akamwaga maziwa kwa kucheka.

Hapo Mashauri akaniuliza, "Kwa hiyo yule Kidawa ni Mzaramo? Miaka miwili ananipigia magoti! 'Shikamoo mzee, asante mzee', kama nimekaa dirishani benki. Nikasema huyu mama hataki mazoea. Na asiyetaka mazoea huandikiwa mkataba. Angenitukana siku ya kwanza, angelima kabla yangu."

Umeona? Adabu yako imekugharimu mahindi ya mwaka mzima.

Pesa alizichukua zote, hakusamehe hata mia, akazihesabu mara mbili huku akiniita mwizi. Kisha akawaswaga maksai mwenyewe mpaka uani kwako. Jogoo nilimchukua kama mtani anavyopaswa. Hakunizuia. Alisema tu, "Mzaramo, njia ya Maneromango naijua."

Sasa lima. Na ujifunze kutukana.

Mjomba wako,
Mwinyimadi

Gwata
2 Aprili 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo, na Idi njema, wewe na mkaza mjomba na hilo goti.

Mvua ilipoanza nilikuwa wa kwanza shambani Gwata nzima, nimefunga saumu na nimelowa, nacheka peke yangu nyuma ya maksai. Mahindi yameota mistari mizima, hakuna pengo.

Kutukana kulinishinda mwanzoni. Nilikwenda nikasema, "Shikamoo mzee, wewe ni... mchafu." Shikamoo ilinitoka kwa mazoea. Mashauri akanikazia macho: "Hilo nalo tusi? Nenda, urudi kesho." Basi nikawa nakwenda kila asubuhi kama mwanafunzi. Jana nilimwambia shamba lake limelimwa kama limekwaruzwa na kuku, tena kuku mgonjwa. Alinipigia makofi, akampigia kelele Holo anipe kibuyu cha maziwa.

Tahadhari: juzi alikuwa anaulizia magari ya Maneromango. Funga mlango.

Mpwa wako,
Kidawa

Maneromango
15 Aprili 2025

Mwanangu Kidawa,

Marahaba. Sisi wazima.

Mlango gani? Ameuchukua. Alikuja Jumamosi na Holo wake, wakala pilau sahani mbili mbili, akaitukana barabara yetu kwa ufasaha ambao hata mimi sijaufikia, kisha akaung'oa mlango wa jikoni, akaufunga kwa kamba juu ya pikipiki ya watu. Mkaza mjomba wako alimshikia kamba! Ukiuona huko Gwata, mlango wa bluu wenye alama ya sufuria, usiulize.

Kuku wa jirani sasa wanaingia jikoni watakavyo. Anayewafukuza ni yule jogoo wa Mashauri.

Jogoo na mlango havilingani, kwa hiyo ananidai matusi na mimi namdai mbao. Ukishavuna nitakuja kulichukua boma lake zima, nikianzia na kengele ya yule fahali. Hotuba naiandaa, imefika kurasa sita.

Maisha yangu yote nimepiga vita madeni, mwanangu. Hili usithubutu kunisaidia kulimaliza mapema.

Mjomba wako asiye na mlango,
Mwinyimadi