Kamioneti ya Jina Lako

Papa,

Ninakuandikia nikiwa na hasira, na sitaki kuificha. Watu wanasema mutu akiongea na marehemu apunguze sauti. Mimi nimenyamaza tangu nikiwa mutoto wa shule. Leo nimechoka.

Jana Anselme alikuja hapa nyumbani Ndosho. Ndiyo, mudogo wako. Alikuja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, akakaa kwenye kiti chako bila kukaribishwa. Nitakuambia alikuja kutaka nini, lakini kwanza nikukumbushe, kwa sababu wewe ulikuwa mwepesi wa kusahau mabaya ya watu.

Ulikuwa fundi katika ile kampuni ya magari tangu kabla sijazaliwa. Jeki iliteleza, gari ikakuvunja mguu, ukarudi kazini ukichechemea. Kitu kimoja tu ulijivunia: mufanyakazi aliyedumu aliruhusiwa kununua gari mpya kwa bei ya chini kuliko ya wateja, mara moja tu, yeye ao mutu wa familia yake. Mulikuwa munaiita remizi. Wakati huo Mama alikuwa anapanda malori ya watu kufuata viazi Rutshuru, anarudi amelowa, amekaa juu ya magunia. Ulimuambia, "Mama Noela, vumilia. Kamioneti inakuja." Ulikuwa hata umechagua rangi ya hiyo gari ya mizigo. Bluu, kwa sababu nyeupe ingeonyesha matope.

Kisha Anselme akaja na feza zake tayari. "Kaka, utie sahihi tu. Ni gari ya familia. Tutaitumia wote." Mama alikuvuta jikoni. Nilikuwa ninaosha sahani, nikamusikia akikuomba usifanye. Ukamujibu, "Ni ndugu yangu wa tumbo moja. Nitamukatalia namna gani?" Ukatia sahihi. Jasho lako lote, Papa, na ule mguu, vikaenda kwa Anselme asubuhi moja.

Na Mama alilipa nauli kwenye kamioneti ile. Nauli! Wewe ulikuwa unajua. Ulisema mudogo wako anahangaika, biashara yake ingali changa.

Kisha volkano ikatoka. Ilikuwa muchana lakini mbingu ilikuwa nyeusi, na watu wote wa upande wetu wakashika barabara ya Sake. Mama alikuwa na mufuko kichwani, mimi nimebeba mudogo wangu mugongoni, wewe na fimbo yako. Karibu na Mugunga tulisikia honi. Niliijua kabla sijageuka, kwa sababu ni wewe uliyeifunga. Nyuma ya kamioneti kulikuwa na matela ya kulalia, friji, viti vya sebuleni, na pembeni ya friji nafasi ya kutosha mutu mumoja. Uliinua fimbo. Anselme aliangalia upande wetu, akapandisha kioo, akapita.

"Hakutuona," ukasema. "Moshi ni mwingi."

Ulirudia maneno hayo mpaka Sake. Hakutuona. Hakutuona.

Huko Sake mvua ilitupiga na kifua chako kikashikwa. Tuliporudi Ndosho ulikuwa unapumua kama mutu anayepanda mulima. Haukupita muda, ukatuacha.

Siku ya kukuzika, Anselme alileta kamioneti. Alikuwa ameiosha, ameifunga kitambaa cheusi. Akasema mbele ya watu wote, "Kaka atapanda gari yake." Nilikuwa mutoto, lakini nilisimama nyuma ya gari nikazuia. Nilisema kama hukupanda ukiwa na mguu mubovu, hutapanda ukiwa maiti. Mashangazi walinivuta masikio. Mama hakunigombeza. Alifunga upya kikwembe chake kiunoni, akawaambia vijana wa kwaya wakubebe mabegani. Walikubeba mpaka makaburini, na kamioneti ikafuata nyuma, tupu.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Waasi waliingia muji, na walipotoka waliondoka na magari ya watu, ya Anselme ikiwemo. Mimi ninafanya kazi kwenye kampuni yako, Papa, upande wa vipuri. Mafundi wazee wananiita Binti wa Muzee. Na sasa nimepata haki ile ile uliyokuwa nayo. Remizi, mara moja tu.

Basi umeshajua Anselme alikuja kutaka nini.

"Mutoto yangu," aliniambia, "papa yako ni mimi sasa. Feza nitatafuta mwenyewe. Weye utie sahihi tu. Ni gari ya familia."

Nikamuuliza, "Siku ya volkano, pale Mugunga, ulituona?"

Alikohoa. Alimuangalia Mama, aliyekuwa anamenya viazi. Akasema, "Niliwaona. Gari ilikuwa imejaa."

Mama akaacha kisu. Miaka hii yote, kila nilipomushitaki Anselme, Mama alinikatiza: papa yako alisema hakutuona, heshimu neno la papa yako. Alisimama, akafungua mulango, akamuambia kwa sauti ya chini, "Anselme, rudi kwako." Alipotoka, Mama alilia kuliko alivyolia siku ya kukuzika.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wewe pia ulijua. Ulimuona akipandisha kioo kama nilivyomuona mimi. Labda ulidanganya ili tuendelee kutembea. Labda ulikuwa na haya, ndugu yako kukukataa mbele ya watoto wako. Sijui, na huwezi tena kuniambia. Anselme nimemukasirikia kwa kupita. Wewe nimekukasirikia kwa kumuficha. Ulimuhurumia kila mutu, Papa, na sisi ndio tuliotembea kwa miguu.

Leo asubuhi nilitia sahihi. Nimeandikisha jina la Mama peke yake. Ameniuliza kama mutu wa umri wake anaweza kujifunza kuendesha. Nikamuambia nitamufundisha mwenyewe, na Anselme akitaka kucheka, acheke.

Watoto wake hawakutenda kitu. Tukiwakuta barabarani tutawabeba. Yeye, sijui. Usiniombe hilo kwa sasa.

Ninakuahidi jambo moja: nikipita mutu ninayemujua, nitasimama, ao nitamuambia machoni kwamba sikutaka kusimama. Sitaki mutu anayenipenda alazimike kunidanganyia.

Pumuzika, Papa. Hasira haijaisha, lakini nitakuja makaburini. Mama akishajua kuendesha, yeye ndiye atakayenileta.

Binti yako,
Noela