Hilda Hayupo Hapa

Nyamuswa, Jumapili

Mdogo wangu Bhoke,

Nakusalimu wewe, mumeo, na hayo meno yako mapya ninayosikia yanaimba kwaya yenyewe hata ukifunga mdomo. Magoti yanaendeleaje? Huku mimi bado nimo. Malaria ya mwezi wa tatu ilinionja, ikanitema. Pamba ni fupi mwaka huu. Mvua ilikuja kama mgeni wa msibani, ikala, ikaondoka.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikata nikiwa katikati, nawe ukianza kujibu huwagi na breki.

Mjukuu wetu, mtoto wa mwanangu Evance, tumerudi naye kutoka Mwanza Jumatano, mimi na Rhobi mama yake. Walimpasua, wakamwekea mpira mwembamba wa kuyashusha tumboni yale maji yaliyokuwa yanamjaa kichwani. Kichwa kimetulia. Anakunywa uji, anacheka. Lakini macho hayaoni, Bhoke. Ukimletea kijiko anageukia sauti yako. Daktari alimwambia Rhobi kwamba angeletwa mapema, akiwa na miezi minne, pengine leo angekuwa anaona. Amefikishwa akiwa na mwaka na miezi miwili. Rhobi aliuliza mara tatu ni miezi mingapi imepotea, kana kwamba hajui kuhesabu. Anajua, amefika kidato cha nne. Anayehesabia vidole ni mimi, niliyefukuzwa la tatu kwa kumwiga mwalimu anavyochechemea.

Sasa nasikia umefika ofisi ya ustawi wa jamii Bunda, ukasema yule binti Jenipher, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, alilala mpaka mtoto akaharibika, na kwamba hakuna mtu wa serikali aliyewahi kukanyaga kwetu. Nasikia wamemnyang'anya begi lake la kazi, wamemsimamisha mpaka wachunguze. Uliyasema hayo kwa sababu mimi ndiye niliyekwambia. Basi nikwambie na yaliyobaki.

Jenipher alikuja mtoto akiwa na miezi mitatu. Alimzungushia utepe kichwani kama fundi cherehani, akakunja uso, akaandika: Hilda Evance. Alimweleza Rhobi kwamba maji hayo yakiwahiwa yanatolewa, na ustawi watakuja wenyewe kuwachukua mpaka hospitali. Mimi nikamtania kwamba vichwa vikubwa ni vya ukoo wetu, kama anabisha aulize kofia yangu.

Wiki ile mtoto akalia siku nne. Unajua kwetu, mtoto akilia hivyo kuna marehemu anadai jina lake. Nikamwita mzee Enoka, akataja majina ya wafu mmoja mmoja, na alipofika kwa bibi yetu Gati mtoto akanyamaza. Tukambadilisha jina siku hiyohiyo, ikawa mwiko kumwita Hilda. Akalala vizuri siku tatu. Nilipita madukani kifua mbele kama daktari bingwa.

Siku ya nne Jenipher akaja na afisa ustawi, ambaye nasikia amekwishahamishwa, wana gari na karatasi ya Hilda Evance. Rhobi alikuwa shambani anapalilia. Nikawaambia Hilda hayupo hapa. Jenipher alinitazama sana, akasema, "Babu, na huyu anayelia ndani?"

Nikamjibu, "Huyo ni Gati. Nyie mnamtafuta Hilda, kamtafuteni."

Walirudi mara mbili, zote Rhobi akiwa shambani. Mara moja nikawaambia amehamia kwako Nyasho. Mara nyingine nikafunga mlango, nikajilaza kimya mpaka wakachoka kubisha. Rhobi nilimwambia serikali imetusahau. Alipotaka kumfuata Jenipher nilimkataza, nikasema ataliamsha jina la kwanza, naye akanitii kwa sababu mimi ni baba mkwe wake. Alingoja. Nilikuwaga namsimulia Enoka, tunacheka mpaka tunashika mbavu. Evance aliporudi kutoka visiwani alikokuwa anavua ndipo alipomwona mtoto, akatupeleka Mwanza kesho yake.

Usinitetee kwamba ni mambo ya mila. Jina niliamini, lakini kichwa nilikiona. Niliona aibu watu wakikitazama. Na nilipenda kuwashinda wale wenye karatasi. Ni hayo tu, mdogo wangu, hakuna jingine kubwa zaidi ya hayo.

Leo asubuhi nimemwambia Rhobi. Alimtoa mtoto mapajani mwangu, akaingia naye ndani, akarudisha mlango.

Kesho nakwenda Bunda kusema kwa mdomo wangu, Jenipher arudishiwe begi lake. Nawe nenda, uwaambie kaka yako ni mwongo. Hilo utalisema vizuri, umelifanyia mazoezi miaka sitini.

Msalimie mumeo na wanakwaya wenzako wote. Na mimi unisalimie. Huku leo hakuna aliyenisalimia.

Ni mimi kaka yako,
Magige