Gundi ya Unga

Yavorche, 9 Mei 2011

Mpendwa Dimka,

Pokea salamu zetu. Wazima wa mwili tupo, ya moyo nitakueleza. Vipi wewe na yule bibi unayemtunza kazini huko Bologna? Bado anakurushia kijiko supu ikikosa chumvi?

Uliondoka na basi la alfajiri Jumatatu ya Pasaka, kwa hiyo hukuona kilichobandikwa asubuhi ile. Kwenye kila nguzo na kituo cha basi, na hata kwenye mlango wa duka la mkate, palikuwa na tangazo la kifo lenye pambo la kijani, kama yanavyokuwa ya Waislamu. Picha ilikuwa ya mume wangu Salih. Wameikata kutoka ile picha ya siku tuliyomaliza kukarabati mnara wa msikiti.

Unawajua watu wetu. Nani husoma maneno ya chini? Wakiona rangi ya pambo na sura, wanarudi nyumbani kukoroga halua ya matanga. Saa nne ua wangu ulishajaa wanawake na masufuria. Petko mchinja nyama akagonga mlango huku analia, Salih akamfungulia na povu la kunyolea mashavuni. Petko akasema, "Imamu, nimekuja kukuzika." Salih akamjibu, "Basi ingia unywe kahawa kwanza, kaburi halina haraka." Tulicheka, Dimka. Tulicheka mpaka mtu mmoja akaleta karatasi yenyewe akaisoma kwa sauti: "Kwa furaha kubwa tunatangaza kifo cha imamu Salih. Waturuki wenzake wa Yavorche watamfuata mmoja mmoja wasipohama."

Hapo hakuna aliyemkumbuka mama mkwe wangu. Mama Hayrie alikuwa anatoka hospitali ya mjini, jicho moja limefungwa bandeji. Akashuka na basi la mchana peke yake, akaiona sura ya mwanawe wa pekee ndani ya pambo la kijani. Kusoma hajui, lakini sura aliijua. Akaanguka palepale. Salih alipofika anahema, mama akamtazama akasema, "Ahsante mwanangu, umekuja kunipokea." Alidhani wote wawili wamekwisha kufa. Hayo yakawa maneno yake ya mwisho. Jumatano tulimzika.

Sasa tangazo lake la kweli limebandikwa juu ya lile la uongo. Nimekuandikia kwa sababu nikiyasema haya kwa mdomo nashindwa kumaliza.

Dada yako wa ziwa moja,
Sevdie


Bologna, 20 Juni 2011

Mpendwa dada Seve,

Natumaini barua hii inakukuta umetulia kidogo. Mimi mzima, ila miguu inavimba. Bibi yangu hajambo, juzi kaniita mwizi wa soksi, tukazikuta kamvalisha paka.

Pole, dada, pole sana. Mama Hayrie alinifundisha kusuka. Nimeweka mshumaa kanisani kwa ajili yake, najua si desturi yenu, lakini sina njia nyingine. Mungu atawalipa waliofanya hivyo. Vijana wa siku hizi wamekosa kazi, wanasikiliza wale wa chama cha kuwapinga Waturuki wanaokuja na vipaza sauti, hawapimi maneno. Nadhani hawakukusudia mtu afe.

Nimemkabidhi dereva wa basi kahawa na dawa ya shinikizo la damu ya Salih. Mwambie ameze baada ya kula.

Mdogo wako tuliyenyonya ziwa moja,
Dimka


Yavorche, 2 Oktoba 2011

Mpendwa Dimka,

Salamu. Kahawa imefika, na dawa pia. Salih anameza akikumbuka.

Nimepata wakili, anaitwa Bi Rumyana, mwanamke mfupi mwenye kikohozi, asiyeogopa mtu. Tulikwenda kwa mwendesha mashtaka wa mjini. Akaiinua ile karatasi kwa vidole viwili, akasema ni utani wa ladha mbaya, ni maoni, na nchi hii ina uhuru wa maoni. Bi Rumyana akamwambia: "Kutoa maoni, sawa. Mtu ana haki ya kuamini, na mwenzake ana haki ya kumpinga, hata kuicheka dini yake. Ila huyu kawatishia watu kifo kwa sababu ya dini yao ili wahame. Mikataba mliyotia saini inasema huo ni uchochezi, na ni wajibu wenu kumtafuta aliyefanya." Yule bwana akasema, "Nitamtafutaje? Nguzo hazisemi."  Nje Salih akaniambia kutaniwa kashazoea tangu utoto, lakini mama yake hakuzoea.

Sasa nakuja kwako. Siku hizi kijiji kizima kinabandika kwa gundi ya mkanda. Matangazo ya kifo cha Salih yalibandikwa kwa gundi ya unga iliyotiwa siki. Mama yako ndiye aliyetufundisha kutia siki, ili konokono wasile karatasi. Hakuna mwingine Yavorche anayefanya hivyo. Na asubuhi ileile, kwenye nguzo zilezile, palikuwa na matangazo ya kutimiza mwaka mmoja tangu afe baba yako, yamebandikwa kwa gundi hiyohiyo.

Dimka, ni nani aliyepika ile gundi? Na ni nani aliyeibeba?

Dada yako wa ziwa moja,
Sevdie


Bologna, 15 Januari 2012

Mpendwa dada Seve,

Heri ya mwaka mpya, na nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa mgonjwa, kisha sikuwa mgonjwa tena, na bado sikuandika.

Nilipika mimi. Plamen aliniomba gundi ya kubandikia matangazo ya babu yake, nami nikafurahi kwamba mwanangu kakumbuka mwaka wa babu bila kuambiwa. Nikamwuliza, mbona unataka sufuria zima? Akasema, "Babu alipendwa na wengi." Nikakoroga mwenyewe, nikatia siki. Nilipofika Bologna nikasoma barua yako nikaelewa. Nikampigia simu. Akasema ni mzaha, Mama, nani angejua kikongwe atashuka na basi lile?

Najua utataka niende kwa yule mwendesha mashtaka nikaseme hayo na kutia saini. Sitaweza. Ni mwanangu, sina mwingine. Miaka yote hii naosha wazee wa watu ili yeye ale. Nikimpeleka jela kwa mkono wangu, mimi nani atanizika? Bi Rumyana anazijua sheria zote za dunia. Muulize kuna ipi iliyoandikwa kwa ajili ya mama.

Ulipobadilishwa jina kwa nguvu shuleni ukaitwa Svetla, nani alikuwa anakuita Sevdie nyuma ya zizi? Nilikuwa na miaka kumi na niliogopa, lakini nilikuita. Nihesabie hilo, dada. Ifute kesi.

Mdogo wako,
Dimka


Yavorche, 4 Machi 2012

Dimka,

Salamu. Hatujambo kwa kiasi.

Hilo la jina nimekuhesabia maisha yangu yote, wala sijalisahau. Na mama yako alininyonyesha mama yangu alipolazwa na homa ya mapafu, hilo nalo nalijua. Kwa hiyo sikuombi kama mdai. Nakuomba kama mtu asiye na mlango mwingine.

Faili imefungwa. Wameandika kwamba aliyefanya hajulikani. Tuna mpaka mwisho wa Juni kukata rufaa, na bila shahidi hakuna rufaa. Barua yako sitaipeleka kwao bila ruhusa yako. Wiki iliyopita wamevunja madirisha ya msikiti. Waliona la kwanza limepita bila mtu kuulizwa. Mama mmoja wa Kikristo alikuwa akinipa maziwa kila Ijumaa. Sasa anayaacha ukutani na kuondoka asionekane. Salih hapandi tena mnarani. Anaadhini ndani, kwa sauti ya mtu anayeongea na sufuria.

Yeye hakutaka nikuandikie. Kasema tusimshurutishe mama juu ya mwanawe. Mimi nakushurutisha. Sitaki Plamen afungwe, na Bi Rumyana anaamini hatafungwa, kwa kuwa wakati ule alikuwa na miaka kumi na saba. Nataka pawe na mahali palipoandikwa kwamba jambo hili lilifanywa na mtu, na mtu huyo ana jina. Vinginevyo itakuwa Mama Hayrie kauawa na karatasi.

Nangoja.

Dada yako wa ziwa moja,
Sevdie


Yavorche, 14 Aprili 2015

Mpendwa dada Seve,

Sijui kama barua hii itakufikia. Anwani yenu ya Bursa kanipa Petko, kwa shingo upande. Habari za Uturuki? Salih anapata dawa zake?

Bibi yangu wa Bologna amefariki, nimerudi nyumbani moja kwa moja. Nilikwenda kwenu siku ya Pasaka nikakuta kufuli. Nilidhani mmekwenda mjini. Jirani akaniambia mlihama msimu ule wa joto, mwaka wa barua yako ya mwisho. Ile barua niliipata, Seve. Nilikata tiketi ya basi la Juni. Nilikaa kituoni Bologna na mkoba wangu mapajani mpaka basi likaondoka.

Plamen sasa ni diwani. Mwezi uliopita kahutubia juu ya amani baina ya dini, watu wakapiga makofi. Nilimkumbusha mambo yale, akasema, "Mama, hayo yamekwisha, mbona unayafukua?" Haji kwangu ila siku za uchaguzi. Nilimlinda ili nisibaki peke yangu, na nimebaki peke yangu.

Niambie jambo moja tu, wewe uliyeolewa na imamu: undugu wa ziwa huvunjika?

Mdogo wako,
Dimka


Bursa, 30 Novemba 2019

Dimka,

Salamu. Salih hajambo, analinda gereji ya mabasi. Mimi nashona mapazia.

Bi Rumyana hakukata tamaa, aliipeleka kesi Strasbourg, kwenye mahakama ya Ulaya ya haki za binadamu. Hukumu imetoka, nami nimeisoma yote. Majaji wamesema karatasi ile haikuwa maoni. Wamesema haki yetu ya kuamini ilivunjwa, na nchi ilikosa kwa kutofanya uchunguzi. Kila tulichokisema wamekikubali, miaka saba baada ya sisi kuhama.

Nilipomsomea Salih alikuwa anamenya viazi. Akauliza, "Wamemtaja?" Nikasema hapana. Akaendelea kumenya.

Mwanao ndani ya hukumu anaitwa "mtu asiyejulikana". Wameandika hivyo kila mahali ambapo lingepaswa kuwa jina lake. Majaji hawakudanganya, wao kweli hawamjui. Tunaomjua ni sisi wachache, mimi na wewe tukiwemo.

Swali lako nilimpa Salih. Kasema undugu wa ziwa hauvunjiki, hata wenyewe wakitaka. Kwa hiyo sijakusamehe, na bado mimi ni dada yako, na sijui nifanye nini na haya mawili.

Usiniandikie tena.

Dada yako,
Sevdie