Jiwe Lisilo na Neno "Mtakatifu"

Mzee Eliya,

Umeniachia balaa, na nimekukasirikia. Wewe umelala makaburini kimya, huku mimi nagombana na watu wako.

Unakumbuka ulivyokuja karakana yangu hapa Kingsbury, London, uliposikia kuna Mhindi wa Nairobi, mtu wa kwenu Afrika, anachonga mawe ya makaburi? Ukasema mlangoni, "Habari za siku nyingi, fundi," na wala hatukuwahi kuonana! Nilicheka mpaka nikaweka nyundo chini. Baada ya hapo ukawa unakuja kunywa chai, na kikombe chako mwenyewe mfukoni kwa ajili ya sheria zenu Wayahudi za chakula, tukiilaani baridi na kutamani mahindi ya kuchoma yenye pilipili na ndimu.

Ndipo ukaniagiza: "Nikifa, andika jina langu na la baba yangu. Rabi uandike, hiyo ni kazi yangu. Usiniite Mtakatifu. Sifa mtakazonipa bure, nitaulizwa mimi huko juu." Nikaapa. Sasa kwa nini hukumwambia mkeo?

Wanafunzi wako niliwaweza. Walitaka "Mtakatifu", kama marabi wakubwa wanavyoandikiwa, nikawaonyesha mlango. Lakini juzi akaja Mama mwenyewe. Akasema, "Hasmukh mwanangu, hapa London wakubwa wa sinagogi walimwita mume wangu 'yule rabi wa Afrika'. Walimkalisha nyuma. Mwandikie Mtakatifu, wapite wasome."

Ningemjibu nini, Mzee? Hata mimi wananiita 'yule wa Afrika', ingawa pasipoti yao ninayo. Nilitaka kulichonga neno hilo hapo hapo, tena kwa kina, mvua za hapa zishindwe kulifuta.

Nikamwambia hapana. Nikamweleza kiapo changu, hakuniamini. Aliniita jeuri, akaondoka, na chai hakuigusa. Tangu siku hiyo nikimpigia simu anakata. Nimempoteza mtu wa pekee huku aliyekuwa akiniita mwanangu, kwa sababu yako na unyenyekevu wako! Inaniudhi, Mzee. Inaniudhi sana.

Kesho naanza kuchonga. Rabi, jina lako, jina la baba yako, basi.

Kwaheri, rafiki yangu. Nakuahidi kwamba nikiwa hai hakuna patasi itakayoongeza neno juu ya jiwe lako. Lakini huko juu wakikuuliza, waambie fundi alitaka kuliandika neno hilo, na kwamba aliyemkataza ni wewe.

Hasmukh