Riwaya Zisizo na Mwaka

Thorncliffe Park, Toronto
Jumapili, 9 Mei 1999

Kwako dada yangu Godelive,

Pokea salamu zangu, na kabla ya yote nijibu kwanza kama ile homa imekuacha, maana barua yako ya Februari uliiandika bado unatetemeka, mistari inapanda na kushuka kama barabara ya kwenda Kiliba. Je, wale watoto wako wa darasa la kwanza hapo kambini wanaendeleaje? Yule aliyekuwa anakula chaki ameacha, au wazazi wake wamekubali tu ndivyo alivyo?

Sisi huku hatujambo. Theluji imekwisha kabisa na Mama ameanza kufungua dirisha. Papa Léonard bado yuko kwenye ghala kule Malton, karibu na uwanja wa ndege, anapanga maboksi zamu ya asubuhi. Amenunua miwani mpya, kwa hiyo sasa anasoma kila kitu kwa sauti, hata karatasi ya sabuni. Yvan ukimsemesha Kiswahili anaelewa vizuri sana lakini anajibu Kiingereza, na Mama anamwambia atampeleka kwako umnyooshe. Tarehe mosi Januari tulisherehekea siku ya kuzaliwa sisi wanne kwa pamoja, kama karatasi zetu zinavyosema. Jirani yetu Bibi Dolat, mzaliwa wa Tabora, alileta keki moja. Akauliza sisi ni familia au ni kikosi cha jeshi. Tulicheka, kisha Papa akaanza tena habari ya yule karani wa kambini aliyekosea mwaka wako wa kuzaliwa ukabaki huko. Unamjua Papa. Hakuna wiki inayopita bila yule karani kutukanwa.

Sasa nikupe habari zangu. Shule yetu ina mpango wa kutupeleka kila mmoja mahali pa kazi, siku mbili kwa wiki, ili tujifunze. Mwalimu aliniuliza nataka kazi gani, nikamwambia yoyote isiyo na kuongea. Akanitafutia chuo kikuu, kwa mama mmoja anayeitwa Daktari Noreen. Si daktari wa sindano, ni wa vitabu. Ni Mgoa aliyezaliwa Nairobi, na alipojua natoka Uvira alinisemesha Kiswahili chake cha huko kwao: "Wewe Inès, kuja hapa, ona hii, usiogope." Nilikuwa naogopa kweli, lakini Kiswahili kile kilinifanya nizuie kicheko, na mtu huwezi kuogopa sawasawa huku unazuia kicheko.

Kazi yake nilipomweleza Papa, alidhani Kiingereza kimenishinda. Daktari Noreen anahesabu riwaya za Australia. Hazisomi, anazihesabu. Kila riwaya iliyowahi kuandikwa na watu wa kule ina kadi yake: jina la mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mji kilipochapwa, mwaka, idadi ya kurasa. Mimi nasoma kadi na kuyaingiza yote kwenye kompyuta. Papa aliuliza kama Australia yenyewe imeishiwa watu wa kuhesabu mpaka wasaidiwe na mtoto wa Uvira aliyeko Kanada.

Nami nilimuuliza Daktari Noreen, kwa upole, kwa nini hazisomi. Akaniambia watu wamesoma riwaya mia moja zenye sifa, wakazifanya ndiyo historia nzima, na hali zilitoka maelfu. Hizo nyingine nazo zilikuwa na wenyewe: aliyeandika, aliyepanga herufi, aliyenunua akasoma akampa shangazi yake. Huwezi kuzisoma zote ukiwa na maisha mamoja, lakini ukiziweka pamoja kadi zake unaona mambo ambayo kitabu kimoja hakikuambii: ni wakati gani riwaya zilichapwa London na wakati gani zilichapwa nyumbani, wanawake waliandika wangapi, na mchapishaji mmoja akifunga duka ni waandishi wangapi wananyamaza naye. Mimi nilielewa upesi kuliko Papa. Labda kwa sababu nimewahi kuwa kwenye kadi.

Kanuni yake ni moja, ameibandika juu ya kompyuta: kisichoandikwa kwenye kadi, usikiandike. Na hapo ndipo nilipoharibu, dada.

Kulikuwa na kadi zisizo na mwaka. Wachapishaji wengine wa zamani hawakuandika mwaka, ili kitabu kisionekane kimezeeka dukani. Ya kwanza nilipoiona niliiacha nafasi wazi kama nilivyoambiwa. Unakumbuka kambini watu walivyokuwa wakisema, fomu yenye nafasi tupu inarudishwa chini ya rundo, na wewe pamoja nayo. Nilijiambia hizi ni riwaya tu, lakini mkono haukukubali. Ya tatu nikaijaza. Niliandika 1901, kwa sababu ni katikati, ni mwanzo wa karne, haimdhuru mtu, kama vile wale wa kambini walivyotupa sote tarehe mosi Januari. Nikarudi kwa zile mbili nikazijaza pia. Kufikia Machi nilikuwa nimezipa mwaka riwaya mia moja arobaini na tatu, na kila moja niliiona kama nimeipitisha mpaka.

Basi Daktari Noreen akachora grafu. Mstari unakwenda polepole, vilima vidogo vidogo, kisha pale 1901 ukasimama mlima. Alifurahi mno. Kumbe mwaka ule ndio makoloni ya Australia yaliungana yakawa nchi moja, mimi sikujua hata kidogo. Alisema ona, nchi inazaliwa na riwaya zinazaliwa nayo, wakati watu wote walikuwa wakisema muungano ule haukugusa vitabu. Akaibandika grafu mlangoni. Akaanza kuandika hotuba ya kusoma mbele ya wenzake mwezi wa Juni. Akaniambia jina langu litatajwa.

Wiki tatu nilipita chini ya mlima ule. Nikiingia nainamisha kichwa. Mara mbili nilifungua mdomo, mara zote mbili nikauliza kama anataka chai. Mwisho, kwa kuwa kusema sikuweza, nilichukua kadi tupu nikaijaza kama nyingine. Mwandishi: Inès. Jina la kitabu: Kosa la 1901. Mji: Toronto. Mwaka: 1999. Kurasa: 143. Nikaiweka juu ya hotuba yake nikaenda kusimama chooni.

Niliporudi alikuwa ameshaibandua grafu. Hakupiga kelele. Aliniuliza zote ni mwaka uleule, nikasema zote. Aliniuliza kwa nini, nikamweleza habari ya rundo na fomu, kwa maneno machache, nikiangalia viatu. Kisha akasema, na hapa aliacha Kiswahili cha mzaha akasema taratibu:

"Nafasi tupu nayo ni habari, Inès. Inaniambia hapa hatujui. Ukiijaza, mimi siwezi tena kwenda kutafuta."

Hakunifukuza. Kadi za karatasi zilikuwa bado wazi, kwa hiyo tuliweza kuzitofautisha, na Jumamosi zote za Aprili tulizifuatilia moja moja. Sasa najua jinsi ya kutafuta mwaka wa kitabu kisicho na mwaka. Unatazama muhuri wa maktaba, siku kilipopokelewa. Unasoma matangazo ya magazeti ya zamani, yamepigwa picha kwenye filamu, macho yanakutoka. Na kama una bahati, ndani ya jalada kuna mtu aliyemwandikia mtu. Kimoja kiliandikwa kwa wino uliogeuka kahawia: kwa shangazi mpendwa, Noeli 1893. Daktari Noreen aliniita nije nione, akasema huyu aliyetoa zawadi hakujua kwamba anatupa ushahidi. Tulipata miaka ya vitabu sitini na kimoja. Vingine tumeviacha wazi. Mlima umekwisha, 1901 ni mwaka wa kawaida kabisa, hata umeshuka kidogo, na hotuba anaiandika upya.

Lakini mimi lile andiko la shangazi lilinifuata hadi kwenye basi. Kuna mtu aliyekupa wewe zawadi ulipokuwa mchanga. Mama yako wa ubatizo, Mama Leokadia, yuko huku. Tulimkuta kanisani mwezi wa Novemba, amekuja kwa mtoto wake. Wiki iliyopita nilikwenda kwake mwenyewe, sikumwambia mtu, na unajua mimi kumgongea mtu mlango ni kazi gani. Nilimuuliza kama ana chochote cha ubatizo wako. Alicheka, akasema mtoto huyu anauliza kama padri. Akaleta kitabu chake cha sala, kile chenye jalada linaloachia, alichovuka nacho ziwa ndani ya nguo. Kati ya kurasa kulikuwa na kadi yako ya ukumbusho, ina picha ya njiwa, ina muhuri wa parokia. Godelive, amezaliwa tarehe 11 Machi 1979, amebatizwa tarehe 3 Juni mwaka huohuo.

1979, dada. Kama Mama alivyosema siku zote, akaambiwa alete ushahidi, na ushahidi ulikuwa ng'ambo ya vita. Siku fomu yetu ilipoandikwa ulikuwa na miaka kumi na minane. Ulikuwa bado mtoto wa nyumbani kwa sheria ya huku, isiyomhesabu mtu mzima mpaka afike kumi na tisa. Ulikuwa wa kuja nasi.

Sasa nakuomba kama umesimama ukae.

Siku ile ya fomu ulikuwa kliniki na malaria, Mama yuko nawe. Papa alikuwa amepoteza miwani ziwani, hakuona kuandika, kwa hiyo kalamu nilishika mimi. Alinitajia miaka, wake, wa Mama, wangu, wa Yvan. Wa kwako alisema nimngojee Mama, maana yeye mwenyewe anauchanganya na wa marehemu kaka yetu, niache wazi. Kisha akaitwa pembeni kuulizwa maswali. Mstari ukasogea. Mtu akaja kukusanya fomu. Nikaiona ile nafasi, nikaogopa tutarudishwa chini ya rundo, sote watano. Nikaandika 1977. Kwa nini 1977 sijui. Kwangu mimi ulikuwa mtu mzima tangu nianze kukujua, ulikuwa unanibeba.

Hakuna karani aliyekosea. Yule anayetukanwa kila wiki mezani kwetu hakugusa mwaka wako. Nilijua siku uliposomewa kwamba wewe ni mtu mzima, ufungue faili lako peke yako. Ulinishika kichwa ukasema nisilie, makosa ya ofisi hayo, utakuja nyuma. Nami nikaliacha liwe kosa la ofisi.

Jumatatu iliyopita nilimwambia Papa. Sikutumia kadi, nilisema kwa mdomo, Mama akiwa jikoni anasikia. Papa alivua miwani akaifuta muda mrefu. Nilifikiri atanipiga, au atalia. Alisema tu, "Kumbe yule mtu nimemtukana bure mwaka mzima na nusu." Kisha akaniuliza kama nimekula. Mama kesho yake asubuhi alinisuka nywele, na alinivuta zaidi ya kawaida.

Alhamisi tulikwenda sote kwenye ofisi moja ya msaada wa sheria kuuliza. Wakili hakuahidi kitu. Alisema faili linaweza kuombewa lifunguliwe tena, itachukua mwaka au zaidi, na wanahitaji vitu vitatu: kadi ya ubatizo, maelezo ya aliyeijaza fomu yenye kosa, na fomu mpya yenye sahihi yako. Kadi tunayo. Maelezo nimeyaandika kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, kurasa mbili, nimetia sahihi. Fomu ndiyo hii iliyomo ndani ya bahasha. Papa alisema niijaze mimi, kwa mkono uleule. Nimejaza jina lako, majina ya wazazi, kambi, kila kitu. Mahali pa siku na mwaka wa kuzaliwa nimepaacha wazi, na safari hii mkono umekubali. Kalamu imo humo humo, ni ile niliyoandikia barua hii. Paandike wewe.

Kama hutaki kuniandikia mimi, mwandikie Mama, nitaelewa. Lakini fomu irudishe.

Mama anakusalimu na anasema usiache kulala ndani ya chandarua. Yvan ameandika jina lake nyuma ya bahasha, kwa Kiswahili anasema, ingawa jina ni jina tu. Mama Leokadia anakuombea. Daktari Noreen, usiyemjua, amenituma nikwambie karibu, kwa Kiswahili chake: "Ambia yeye kuja."

Mimi ni mdogo wako,

Inès,
wa mwaka 1984, siku haijulikani