Mganga wa Mgongo Amelala Kitandani Kwetu

Benigna,

Ukirudi usishtuke: anayeguna kitandani si baba yako, ni mganga Rwegasira. Nimekwenda Nshamba kumwita mkewe aje na watu wa kumbeba. Ndizi ziko jikoni, zimenye. ~~Mchinjie mgonjwa kuku.~~ Maharage yanamtosha.

Asubuhi alimpaka baba yako samli mgongo mzima, kisha akampanda kwa miguu ili, alivyosema, "autoe ugonjwa wa Burma." Tulishajaribu pembe za kuumika, mvuke wa majani, hata nyuki wa kumuuma kiunoni, kwa hiyo nikamwacha apande. Mganga akateleza kwenye samli yake mwenyewe, akaanguka chali. "Mama wee, mgongo!" akalia. Baba yako akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu arudi kutoka vitani huko Burma.

Halafu akajikokota mpaka kando yake, akamuuliza, "Panauma wapi?" Mganga hakuwahi kumuuliza yeye hivyo. Wala mimi. Nikiwa mlangoni nikamsikia baba yako akisimulia jinsi alivyombeba askari mwenzake aliyepigwa risasi, wakapanda mlima kwenye mvua, na mwenzake akakata roho akiwa bado mgongoni. Nimeukanda mgongo huo tangu avue sare, na hakuwahi kuniambia.

Uji nilioubandika motoni ukiiva, wapelekee wote wawili, kisha utoke polepole. Usimkatishe. Ninavyoandika hapa, bado anaongea.

Mama yako