Moshi wa Pikipiki ya Baba

Segese, Jumatano

Mdogo wangu Lukas,

Kosa wanalofanya wengi wenye pikipiki kama ile ya Baba ni kushangilia siku moshi unapokwisha. Nimelitanguliza hilo kabla ya kukujulia hali kwa sababu simu yako ya jana imeninyima raha. Sasa nipokelee salamu. Mama anaendeleaje na macho yake? Wewe, shemeji na watoto mnaionaje baridi ya Njombe? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limefungwa bendeji, na habari ya goti hilo ndiyo barua yenyewe.

Jana uliniambia, "Kaka, pikipiki ya Baba imepona! Haitoi moshi kabisa. Jumapili nampakia Mama, nampeleka hospitali akapimwe macho." Nilipokuuliza umetia mafuta gani, ulicheka. "Petroli safi ya kituoni, kaka. Siyo mambo ya zamani ya kuchanganya-changanya. Ualimu haujakutoka tu?" Kisha simu ikakatika, na tangu hapo hupatikani. Naandika, basi, na kondakta wa basi la leo ataifikisha stendi. Kwenye simu ningekuamuru tu. Kwenye karatasi naweza kukueleza.

Unajua nilikuja huku baada ya kustaafu, kutengeneza pampu za kuvuta maji kwenye mashimo ya wachimbaji. Nina pikipiki yangu ya Kiitaliano, pacha wa ile ya Baba, niliyoinunua kwa mzee mmoja aliyefanya kazi reli pale Isaka. Wiki iliyopita nilimwachia jirani yangu wa gereji, Masanja, anikazie breki. Ni fundi hodari wa bodaboda. Asubuhi alinirudishia akiwa amechangamka, akinisalimia Kisukuma.

"Mwangaluka, Mwalimu! Nimekutibia na injini. Moshi kwisha!"

Nilikuwa na haraka ya kufuata vipuri Isaka. Nikamshukuru, nikaondoka bila kuuliza. Mimi, niliyefundisha injini darasani miaka yote ile!

Nyuma nilimpakia Mama Kulwa, anayetupikia chakula pale gereji. Pikipiki ilikimbia vizuri kuliko siku zote. Tulipoanza kuteremka, nyuma yetu kulikuwa na lori la mizigo. Nikasikia mlio umebadilika, umekuwa mkavu, kama kokoto ndani ya sufuria. Kabla sijabana klachi, gurudumu la nyuma lilikaza ghafla. Tuliserereka kiubavu, tukaangukia kwenye changarawe kando ya lami. Lori likapita likipiga honi, upepo wake ukanifunua shati.

Mama Kulwa alikaa vumbini, kanga imechanika, akanitazama. "Mwalimu, ungeniambia tunakwenda kufa ningevaa viatu vizuri."

Nilitaka kucheka, lakini goti la kushoto lilikuwa linatoka damu.

Masanja, niliyempigia simu, alipotufikia alikaribia kulia. "Lakini oili niliweka, Mwalimu! Nilijaza mpaka juu!" Akanionyesha tundu alipoijaza. Lukas, lile ni tundu la oili ya gia. Haifiki kwenye pistoni hata tone, na kwenye tangi alikuwa ametia petroli tupu.

Sikiliza sasa, taratibu. Bodaboda za siku hizi zina oili yake chini ya injini, inazunguka humohumo. Injini ya Baba haina nafasi hiyo. Oili yake inaingia pamoja na petroli, inapita ndani, inalainisha pistoni na beringi, kisha inaungua na kutoka nje. Huo ndio moshi. Ukitia petroli tupu, injini itawaka upesi, itakuwa nyepesi, moshi utakwisha na majirani watakupongeza. Kumbe ndani chuma kinasugua chuma. Kikipata moto kinatanuka, pistoni inang'ang'ania silinda, na gurudumu linasimama wakati wewe bado unakwenda. Injini haikupona. Inaanza kufa, na bado hujui itachagua kufia wapi.

Baba alipokuwa akiiendesha wewe ulikuwa bado mgongoni mwa Mama, kwa hiyo huwezi kukumbuka. Mama akiona moshi ng'ambo ya mto alibandika chai, maana alijua Baba anateremka. Mteremko huohuo ndio unaotaka kumpitishia yeye Jumapili. Na lile kopo lenye mkwaruzo wa msumari, ambalo sasa anawekea mbegu za maharage, ndilo Baba alipimia oili. Mkwaruzo ule ni nusu lita, ya kuchanganya na lita kumi za petroli. Lakini usichanganye bado. Huenda silinda imekwisha kuchubuka. Nikija mwezi ujao tutaifungua pamoja, tuone. Jumapili Mama aende kwa gari.

Msalimie shemeji, Mama Neema, na umwambie kitenge alichoniagiza nimekipata. Neema mwenyewe mwambie baba mkubwa anataka kuona daftari lake la hesabu. Mjomba Yohana, aliyetugawia bisibisi zake, mpe shikamoo yangu. Ya Mama mpe kwa mikono miwili, na ukimsomea barua hii, ruka habari ya lori.

Nisamehe kwa kurefusha. Ni mimi kaka yako, Elias.

Leo hii unaposoma, kabla hujanawa kula, fungua plagi ya pikipiki ili isiwake, ifunge kwenye kitambaa, na umkabidhi Mama mkononi.